Shindano la hotuba lenye ufadhili wa chuo: je, mtoto wa wakimbizi anaweza kushiriki?

Mama Faraja (Boise, Idaho) anauliza:

Ndugu zangu, nawasalimu nyote. Naomba ushauri wa wale waliokwisha kuipita njia hii, kwa sababu hapa nyumbani hakuna hata mmoja wetu, mimi wala mume wangu, aliyesoma katika shule za Marekani.

Binti yangu ana umri wa miaka 16 na yuko darasa la 10. Mwalimu wake wa historia amempa karatasi ya shindano la hotuba linaloandaliwa na American Legion, chama cha askari wastaafu, akamwambia kwamba anaona ana uwezo wa kufika mbali. Karatasi inasema kwamba mshindi wa taifa hupewa dola 25,000 kwa ajili ya masomo ya chuo. Baba yake aliposikia kiasi hicho alinyamaza kwanza, kisha akauliza kama ni mkopo, na kama si mkopo, basi askari hao wanataka nini kwa mtoto wetu. Nilikosa la kumjibu.

Yanayonisumbua ni haya. Binti yangu alizaliwa katika kambi ya Nyarugusu, kule Kasulu, baada ya sisi wazazi wake kukimbia kutoka Kivu ya Kusini. Tumekwisha kupata kadi za ukaazi wa kudumu, lakini bado hatujawa raia. Kiingereza chake ni kizuri, ila ukimsikiliza unatambua kwamba alianza kusema kwa Kiswahili, na yeye mwenyewe anaona haya kwa jambo hilo. Tena yuko mzee mmoja kanisani, mtu tunayemheshimu, ambaye amemshauri asimulie maisha ya kambini ili waamuzi waguswe mioyo. Binti yangu amekataa kabisa, hata kwa machozi, na mimi sijui kama nimhimize au nimwache.

Nawaombeni majibu ya kweli, hata kama yatanivunja moyo.

Mwalimu Mstaafu (Louisville, Kentucky) anajibu:

Mama Faraja, salamu kwako na kwa mzee wa nyumba. Nimewasaidia vijana kadhaa wa jumuiya yetu kujiandaa kwa shindano hili, kwa hiyo nitakueleza kwa urefu kidogo.

Kwanza mtulize baba yake. Si mkopo, na haimfungi mtoto kujiunga na jeshi wala kukitumikia chama chenyewe. American Legion ni chama cha maveterani kilichotambuliwa na Bunge la Marekani mwaka 1919, na shindano hili wamekuwa wakiliendesha tangu mwaka 1938 kwa nia moja, yaani vijana waijue Katiba ya nchi na wajifunze kuizungumzia mbele ya watu. Wanachotaka kwa mtoto wenu ni kwamba aisome Katiba. Hakuna kingine.

Kuhusu ukaazi, ondoa hofu. Kanuni zinawaruhusu raia na pia wakaaji wa kudumu halali, mradi wawe wanafunzi wa shule ya sekondari na wawe hawajatimiza miaka 20 wakati wa shindano la taifa. Mahali alipozaliwa hapaulizwi kama kigezo. Pamoja na hayo, kama ninyi wazazi mnakaribia kuomba uraia, msichelewe, kwa sababu mzazi akiapishwa kabla mtoto hajafikisha miaka 18, na mtoto ni mkaaji wa kudumu anayeishi naye na kulelewa naye, mtoto naye huwa raia kwa nguvu ya sheria. Jambo hilo litamfaa katika mambo mengi kuliko hotuba.

Sasa shindano lenyewe. Kila mshiriki hutoa hotuba mbili. Ya kwanza ni ile aliyoiandaa nyumbani, nayo haipungui dakika 8 wala haizidi dakika 10, na ni lazima ihusu upande fulani wa Katiba, huku mkazo ukiwekwa kwenye wajibu wa raia kwa serikali yao. Ya pili ni ya dakika 3 hadi 5, juu ya kifungu ambacho hupatikana kwa kura muda mfupi tu kabla ya kusimama, kutoka katika orodha iliyotangazwa mapema. Zote mbili hutolewa bila karatasi mkononi, bila meza ya kuhutubia na bila kipaza sauti. Mtoto husimama peke yake mbele ya waamuzi, na akikosea muda, kwa kupunguza au kuzidisha, hukatwa alama.

Ngazi ni nne kwa kawaida: tawi la chama la mtaani kwenu, wilaya au kaunti, jimbo, kisha taifa. Dola 25,000 ni za mshindi wa taifa, wa pili hupata 22,500 na wa tatu 20,000. Lakini hapa nataka unisikilize vizuri, maana ndipo wazazi wengi wanapoliacha jambo hili kabla ya kuligusa. Wanaiangalia dola 25,000, wanaona ni ndoto, wanaitupa karatasi. Kumbe kwenye ngazi ya tawi nimewahi kuona chumba chenye viti vya watu arobaini na washiriki wawili tu, na wote wawili wakaondoka na kitu. Zawadi za tawi, za wilaya na za jimbo kila mahali hupangwa na wenyeji, na katika majimbo mengi mshindi wa jimbo hupata kiasi kinachotosha kulipia sehemu kubwa ya ada ya mwaka katika chuo cha jumuiya. Mshindi wa jimbo akishiriki raundi ya kwanza ya taifa huongezewa dola 2,000 na makao makuu, na akifuzu kwenda nusu fainali huongezewa 2,000 nyingine. Nauli yake na ya mtu mzima anayemsindikiza hulipwa na chama.

Neno moja zaidi kwa kuwa mko Boise. Kijana wa mji wenu, Frank Church, alishinda shindano hili kitaifa mwaka 1941 akiwa bado sekondari, na zawadi aliyoipata ndiyo iliyomfungulia mlango wa Chuo Kikuu cha Stanford. Mwaka 1957 aliingia katika Seneti ya Marekani na akakaa humo hadi 1981. Mwambie binti yako kwamba hotuba iliyomfikisha huko ilianza kwenye shule ya mji huohuo anaoishi yeye.

Baba Amani (Fort Worth, Texas) anajibu:

Dada yangu, Mwalimu amesema vyema. Mimi nitaongeza upande wa fedha, kwa sababu sisi tulifundishwa na yaliyotukuta.

Mwanangu alipata ufadhili wa mashindano ya hotuba katika ngazi ya jimbo, si wa chama hiki bali wa kingine. Tulifurahi sana. Barua ya chuo ilipofika, tuliona kwamba chuo kimepunguza msaada wake wenyewe kwa kiasi kilekile ambacho mtoto alikuwa amekitolea jasho. Nilipokwenda ofisini kuuliza, nilijibiwa kwamba ufadhili wowote wa nje lazima utajwe, na kwamba jumla ya misaada yote haiwezi kuzidi hitaji lililokadiriwa. Walisema kweli kuhusu kanuni, ila hawakuniambia kwamba chuo kina hiari ya kuamua kinapunguza nini kwanza. Kuna tofauti kubwa kati ya kupunguziwa mkopo, ambao ungeulipa kwa riba, na kupunguziwa ruzuku, ambayo ni fedha ya bure. Tuliandika barua, mwanangu akaiandika mwenyewe kwa heshima, akaomba wapunguze mkopo na kazi za chuoni badala ya ruzuku, nao wakakubali kwa sehemu.

Kwa hiyo, mtoto anapochagua chuo, ulizeni swali hilo kwa maandishi kabla ya kukubali nafasi. Jimbo la Maryland lilipitisha sheria mwaka 2017 ya kuvizuia vyuo vya umma kupunguza misaada yao kwa namna hiyo, na majimbo mengine kadhaa yamefuata, lakini si yote. Msisahau pia kujaza FAFSA, yaani fomu ya kuomba msaada wa serikali kuu kwa masomo ya chuo, kila mwaka, hata kama mtoto ameshinda, kwa sababu wazazi wengine hudhani ufadhili mmoja umemaliza kila kitu. Na kuhusu kodi: fedha inayolipia ada na vitabu vinavyotakiwa darasani haitozwi kodi, bali ile inayolipia chumba na chakula huhesabiwa kuwa kipato. Panga matumizi kwa kujua hilo.

Fedha yenyewe haiji mkononi. Wafadhili hawa kwa kawaida hukilipa chuo moja kwa moja, na ufadhili wa American Legion hutumika katika chuo kilicho ndani ya Marekani. Nalisema hili kwa sababu nimesikia jamaa wakipanga kuitumia zawadi ya mtoto kulipia masomo ya ndugu yake aliyeko Bujumbura. Haiwezekani, na heri kila mtu nyumbani alijue hilo mapema kuliko kuzua ugomvi baadaye.

Sifa (Des Moines, Iowa) anajibu:

Shikamoo Mama Faraja. Mimi ni mwanafunzi wa chuo, mwaka wa tatu. Nilizaliwa Uvira, nikakulia Nyarugusu, na nilishiriki shindano hili nikiwa darasa la 11 na la 12. Naomba nizungumzie mambo mawili, lafudhi na habari ya kambi, kwa sababu yalinigusa mimi pia.

Kuhusu lafudhi, mwambie mdogo wangu kwamba mwamuzi hapimi mtu ametoka wapi. Anapima kama anaelewa kila neno, kama sauti inafika nyuma ya ukumbi, na kama msemaji anajua anachokisema. Sisi tuliolelewa kwa Kiswahili huwa na makosa yetu ambayo yanarekebishika. Tunaongeza irabu mwishoni mwa maneno ya Kiingereza yanayokomea kwenye konsonanti, tunakanyaga mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho kama tulivyozoea, na tukipata hofu tunakimbia. Mwalimu wangu alinirekodi kwa simu, akanifanya nisikilize huku nikifuata hotuba yangu iliyoandikwa na kupiga mstari chini ya kila neno ambalo mgeni angelikosa. Nakumbuka neno moja, *amendment* (rekebisho la Katiba), nililipigia mstari karibu kila lilipotokea, kwa kuwa konsonanti zake za mwisho zilikuwa zikipotea. Tulilifanyia kazi neno hilo peke yake jioni nzima. Baada ya hapo sikuwa na lafudhi ya Iowa, na hakuna aliyenidai niwe nayo, lakini nilieleweka.

Kwa upande mwingine tunalo jambo ambalo wenzetu hapa wanalipata kwa shida. Tumekua tukiwasikia watu wazima wakizungumza mbele ya umati bila karatasi: kwenye msiba, kwenye harusi, kanisani, kwenye mkutano wa kambi kuhusu mgao wa chakula. Mtoto aliyemsikiliza mjomba wake akiwashukuru wageni arusini tayari ameona jinsi mtu anavyotua, anavyowaangalia watu wa kila upande na anavyosubiri kicheko kiishe. Hiyo ni akiba kubwa.

Kuhusu kusimulia kambi, nakuomba kwa heshima usimlazimishe. Mzee wa kanisa ana nia njema, lakini shindano hili halihusu huzuni ya mtu. Mwaka wa kwanza nilitumia karibu nusu ya hotuba kueleza safari yetu, na watu walilia kweli. Waamuzi walinipa maoni yao kwa upole: walisema walinipenda, ila hawakuisikia Katiba. Msichana aliyenishinda alizungumza juu ya wajibu wa kuwa mzee wa baraza katika mahakama, jambo ambalo mimi niliona ni kavu kabisa, lakini kila alichosema kilitoka kwenye kifungu na kilirudi kwenye kifungu.

Na hata tukiacha alama, liko suala la haki ya mtoto mwenyewe. Maisha ya kambini ni yake. Akiyatoa leo mbele ya wageni kwa sababu ya fedha huku moyo wake hautaki, atajifunza kwamba anathaminiwa kwa machungu yake tu. Akitaka mwenyewe kuyataja siku moja, sentensi mbili zinatosha, na ziwe zinalibeba hoja yake, siyo kuomba huruma.

Mama Faraja anaandika tena:

Marahaba, mwanangu Sifa, na Mungu akubariki. Nimemsomea binti yangu maneno yako, akaniomba nimsomee mara ya pili ile sehemu ya mwisho. Mwalimu na Baba Amani, asanteni sana. Mume wangu ameridhika na habari ya mkopo, sasa ameanza kuuliza habari za kodi.

Nina maswali mawili yaliyobaki. Kama habari ya kambi haitakuwa msingi wa hotuba, basi msichana wa miaka 16 ambaye hata uraia bado hana atasema nini juu ya wajibu wa raia? Na je, yapo mashindano mengine ambayo anaweza kuanzia, yasiyo na hotuba ndefu kiasi hiki?

Mwalimu Mstaafu anajibu:

Nianze na swali la pili, ni jepesi. Chama kingine cha maveterani, VFW, huendesha shindano liitwalo Voice of Democracy tangu mwaka 1947. Huko mwanafunzi wa darasa la 9 hadi la 12 hurekodi insha yake kwa sauti, dakika 3 hadi 5, juu ya mada inayotangazwa kila mwaka, na hutakiwa kuiwasilisha kwenye tawi la mtaani kabla ya mwisho wa Oktoba. Mshindi wa taifa hupata dola 35,000, na kila mshindi wa jimbo hupata angalau 1,000. Wanampokea mkaaji wa kudumu anayekusudia kuwa raia. Kwa mtoto mwenye haya hili ni zuri, kwa kuwa waamuzi husikiliza sauti bila kumwona msemaji, na yeye anaweza kurudia kurekodi hadi aridhike. Lipo pia la Optimist International, chama cha kujitolea kwa jamii, la tangu mwaka 1928, ambalo hotuba zake ni za dakika 4 hadi 5 na mada zake hazihitaji kuijua Katiba. Mimi ningemshauri aanze na la sauti msimu wa vuli, kisha aende American Legion majira ya baridi, kwa sababu msimu wa moja unampisha mwenzake.

Swali la kwanza ndilo zito, nami nalipenda. Mama, ninyi mnajiandaa kwa mtihani wa uraia, sivyo? Bila shaka ni binti yako anayekusomea yale maswali jioni. Swali linalouliza sheria kuu ya nchi ni ipi, na jibu lake ni Katiba, amelisoma mara ngapi? Wenzake wengi darasani walizaliwa na uraia na hawajawahi kuulizwa maswali hayo. Yeye anawaona wazazi wake wakijifunza kwa bidii, baada ya zamu ya kazi, wajibu ambao wengine waliupata bila kuuomba. Hapo ana hoja ambayo ni yake, na haimtaki atoe machozi ya mtu.

Kwa upande wa vifungu, asome kwa makini Rekebisho la 14, la mwaka 1868. Aangalie kwamba sehemu yake ya kwanza inaanza kwa kuwataja raia, lakini inapofika kwenye ulinzi sawa wa sheria inasema mtu yeyote. Mwaka 1982, katika kesi ya Plyler dhidi ya Doe iliyotoka Texas, Mahakama Kuu ya Marekani iliyategemea maneno hayo ilipoamua kwamba jimbo haliwezi kuwanyima watoto elimu ya shule za umma kwa sababu hawana hati za uhamiaji. Kutoka hapo anaweza kuuliza: ikiwa Katiba inamlinda mtu kabla hajawa raia, mtu huyo akishaapa anadaiwa nini? Kupiga kura, kukaa barazani mahakamani, kulinda haki ya jirani aliyefika jana. Hotuba ya dakika 9 imo humo.

Lakini aiandike mwenyewe, kila sentensi. Kanuni zinataka iwe kazi yake, nami nimewaona watoto wakisimama na maneno ya wazazi au ya walimu wao midomoni. Ile hotuba ya pili huwaumbua mara moja, kwa kuwa haiwezekani mtu mzima kuwaandalia.

Sifa anajibu:

Naongeza kidogo hapo kwa Mwalimu, kwa sababu hotuba ya pili ndiyo watu wanayoipuuza, na mimi naamini ndiyo inayoamua mshindi kuanzia ngazi ya jimbo. Ukishajua kifungu kilichopatikana kwa kura, unapata takribani dakika 5 tu za kukaa na mawazo yako. Vifungu vyenyewe vinatangazwa mapema, kwa hiyo kwa kila kimoja mdogo wangu aandae mambo matatu: kifungu kinasema nini kwa maneno ya kawaida, kiliwekwa kwa sababu gani, na mfano mmoja wa leo. Akishayajua hayo asikariri hotuba nzima, bali ajizoeze kuzungumza kwa dakika 4 hasa, huku mtu mwingine akishika saa. Dakika 4 zinampa nafasi pande zote mbili, akiharakisha hatashuka chini ya 3 na akisitasita hatavuka 5.

Mama, kazi ya kushika saa unaiweza wewe hata kama hufuati kila neno la Kiingereza. Mama yangu alikaa jikoni na simu, akainua kidole dakika ya 3 na viwili dakika ya 4, na tukiwa tumemaliza aliniuliza kwa Kiswahili, "Sasa niambie, hicho kifungu kinasema nini?" Niliposhindwa kumweleza akaelewa, tulijua kwamba na mimi bado sijakielewa, tukarudia.

Kwa wiki hii, mwambie amuulize mwalimu wake wa historia ni tawi gani la American Legion linaloisimamia shule yao na mwisho wa kujiandikisha ni lini, kwa sababu tarehe za ngazi ya tawi hutofautiana mahali na mahali. Kama shule haina mhusika, ofisi ya chama ya jimbo la Idaho itawaelekeza. Akishapata orodha ya vifungu vya mwaka huu aiweke hapa, nitamwandikia maswali ya mazoezi kwa kila kimoja.